Hasara Hii Si ya Mfanyakazi

Tarehe 23 Agosti, 2024, kampuni ya Sony ilitoa sokoni mchezo wa video uitwao Concord. Mafundi wa studio ya Firewalk huko Marekani walikuwa wameutengeneza kwa miaka kadhaa, nao ukauzwa kwa bei ya dola 40. Tarehe 6 Septemba, yaani siku 14 tu baadaye, mchezo ukaondolewa, mitambo yake ikazimwa, na wanunuzi wakarudishiwa fedha zao. Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule studio yenyewe ikafungwa, na mafundi wakaambiwa waende zao.

Watakuwapo watakaotuuliza: mambo haya ya michezo ya ng'ambo yatuhusu nini sisi? Twajibu kwamba yatuhusu. Biashara ya michezo ya video, kwa makadirio ya wale wanaoipima, iliingiza zaidi ya dola bilioni 180 duniani kote katika mwaka 2024. Wanaoifanya kazi hiyo ni wafanyakazi kama wafanyakazi wengine: wachoraji, waandishi wa programu, wanamuziki, waigizaji wa sauti, na wapimaji, ambao hucheza mchezo mchana kutwa ili kutafuta makosa yake. Na vijana wetu wa Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi, wanaokusanyika vibandani jioni kucheza mpira wa PlayStation kwa kulipa shilingi chache, ni wateja wa mwisho wa biashara hiyo hiyo. Zaidi ya hayo, panapoulizwa ni nani apokeaye faida na ni nani alipaye hasara, hapana mfanyakazi awezaye kusema kwamba swali hilo ni geni kwake.

Neno letu ni hili. Katika biashara ya michezo mikubwa ya video, mwenye mali ndiye akataye shauri ni fedha kiasi gani zitumike, ni mchezo upi utengenezwe, na uuzwe lini. Faida ikipatikana, yeye ndiye wa kwanza kuipokea. Lakini hasara ikija, wa kwanza kuilipa ni fundi aliyekuwa akiketi mezani na kufanya alivyoagizwa. Mgawanyo wa namna hiyo si wa haki. Tena, kama tutakavyoonyesha, hauifai hata biashara yenyewe.

GHARAMA

Na tuanze na hesabu, maana mali bila daftari hupotea bila habari.

Mchezo wa video hauhitaji pamba wala chuma. Gharama yake karibu yote ni watu na muda. Kwa miaka mingi wenye kazi hii huko Marekani walifanya makisio ya dola 10,000 kwa mtu mmoja kwa mwezi mmoja, na ndani ya fedha hizo mna mshahara, bima, kodi ya ofisi na vyombo. Siku hizi, katika miji ya ghali kama Los Angeles na San Francisco, hata kiasi hicho hakitoshi. Lakini na tukichukue vivyo hivyo. Studio yenye watu 200, ikifanya kazi kwa miaka 5, itakuwa imekula dola milioni 120. Na hapo bado hapajabandikwa tangazo hata moja.

Wenye makampuni hawapendi kuzitaja hesabu zao hadharani, lakini baadhi zimejulikana. Mwezi wa Juni, 2023, Tume ya Biashara ya Serikali ya Marekani ilipokuwa ikishindana na kampuni ya Microsoft mahakamani, Sony ilipeleka hati ambazo tarakimu zake zilikuwa zimefutwa kwa wino. Wino ule haukuficha vema, na tarakimu zikasomeka. Ikaonekana kwamba mchezo wa The Last of Us Part II, uliotoka mwaka 2020, ulimeza dola milioni 220, na kwamba Horizon Forbidden West, uliotoka mwaka 2022, ulimeza dola milioni 212, kazi ya miaka 5 na watu wapatao 300. Mwezi wa Desemba, 2023, wezi wa intaneti waliiba nyaraka za studio ya Insomniac, ambayo ni mali ya Sony. Humo ikaonekana kwamba mchezo wa Marvel's Spider-Man 2 uligharimu kiasi cha dola milioni 300. Tena hati iliyowekwa katika mahakama ya California mwishoni mwa mwaka 2024 ilionyesha kwamba mchezo mmoja wa Call of Duty, ule uitwao Black Ops Cold War, uligharimu zaidi ya dola milioni 700 tangu ulipoanza kutengenezwa, pamoja na muda wa kuutunza baada ya kuuzwa.

Je, fedha zote hizo zaenda wapi? Kila inapotoka mashine mpya ya kuchezea, picha zake huwa safi kuliko za ile iliyotangulia. Pale ambapo zamani mti ulikuwa doa la kijani, sasa kila jani sharti lionekane likitikiswa na upepo; na uso wa mtu sharti uonyeshe jasho, kunyanzi na huzuni. Mambo hayo hayajifanyi yenyewe: kila kimoja chahitaji mtu, na kila mtu ahitaji miezi. Mshindani akifanya hivyo, jirani yake naye huona haya kubaki nyuma. Basi gharama hupanda kwa mashindano, wala si kwa kuwa mchezaji amezidi kuwa na furaha kwa kadiri ya fedha zilizotumika.

MAPATO

Upande wa pili wa daftari ni mapato. Toka kiasi cha mwaka 2005, bei ya mchezo mkubwa huko Marekani ilikuwa dola 60, ikakaa hapo kwa muda wa miaka 15 hivi. Mwaka 2020 ikapanda kuwa dola 70, na mwaka 2025 kampuni ya Nintendo ikauza mchezo mmoja kwa dola 80. Yatupasa kusema kweli: katika miaka ile bei ya mkate, ya nyumba na ya mafuta ilipanda sana, kwa hiyo dola 60 za mwaka 2019 hazikuwa na nguvu ya dola 60 za mwaka 2005. Wenye makampuni wanapolalamika juu ya jambo hilo, hawasemi uongo.

Tena bei hiyo haiingii yote mfukoni mwa mtengenezaji. Maduka ya intaneti yanayouza michezo hukata kwa kawaida asilimia 30. Katika dola 70, basi, zabaki dola 49. Ikiwa gharama ni dola milioni 300, sharti ziuzwe nakala zaidi ya milioni 6 kwa bei kamili kabla senti moja haijaitwa faida. Na mchezo ukitumia jina la watu wengine, kama huo wa Spider-Man, wenye jina nao hudai sehemu yao. Nyaraka zile zilizoibwa zilisema kwamba nakala milioni 7.2 ndizo zingetosha kurudisha gharama. Hebu msomaji afikiri: bidhaa ambayo watu milioni 5 wameinunua, wakaipenda na kuisifu, yaweza kuandikwa daftarini kuwa hasara.

Liko na jambo la tatu, nalo ni saa. Mtu aweza kuongezewa mshahara, lakini hawezi kuongezewa saa katika siku. Mchezo wa Grand Theft Auto V ulitoka mwaka 2013, na Fortnite mwaka 2017, nao Fortnite waweza kuchezwa bila malipo. Mamilioni ya watu wangali wakiicheza michezo hiyo hata leo, na huko ndiko rafiki zao waliko. Mchezo mpya, hata ukiwa mzuri, hauombi dola 70 tu; wamwomba mtu aache baraza aliyoizoea aende baraza ngeni. Concord iliyashindwa hayo, na si yenyewe tu.

Hivyo mambo yamekuwa kama kamari. Mtaji umekuwa mkubwa mno, miaka ya kungoja imekuwa mingi mno, na mchezo mmoja ukianguka waweza kuiangusha nyumba nzima. Mwenye mtaji mkubwa namna hiyo huogopa, na kwa kuogopa hurudia yale yale yaliyouzwa jana: sehemu ya pili, ya tatu, ya saba. Wachezaji nao huchoka. Woga uliokusudiwa kuilinda mali ndio unaoipunguza.

NANI HULIPA?

Wenye mali hutoa hoja yao ya siku zote: sisi ndio tunaohatarisha fedha, kwa hiyo faida ni haki yetu. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama hatari ingekuwa yao kweli. Na tuitazame.

Spider-Man 2 ulitoka tarehe 20 Oktoba, 2023. Kufika mwezi wa Februari, 2024, ulikuwa umeuza nakala zaidi ya milioni 10, kiasi kilichopita sana kile cha kurudisha gharama. Kazi ilifanywa, mteja aliridhika, fedha zilirudi. Lakini tarehe 27 ya mwezi ule ule wa Februari, Sony ilitangaza kwamba itawaachisha kazi watu wapatao 900 katika idara yake ya michezo, na Insomniac, studio iliyoutengeneza mchezo huo, ikawamo katika orodha. Studio yao ya London ikafungwa kabisa. Ikiwa asiyefaulu hufukuzwa, kama wale wa Concord, na aliyefaulu naye hufukuzwa, basi mfanyakazi afanye nini ili awe salama?

Mwezi wa Oktoba, 2023, Microsoft iliinunua kampuni ya Activision Blizzard kwa bei ya kiasi cha dola bilioni 69. Mwezi wa Januari, 2024, watu 1,900 wakaachishwa kazi katika idara yake ya michezo. Mwezi wa Mei wakafunga studio kadhaa, mojawapo ikiwa Tango Gameworks ya Tokyo, iliyokuwa imetoa mwaka 2023 mchezo wa Hi-Fi Rush, uliosifiwa na kutunukiwa. Bahati yao mafundi wale, kampuni ya Krafton ya Korea ya Kusini iliichukua studio hiyo mwezi wa Agosti. Lakini bahati si haki, wala si kinga ya kutegemewa na mtu mwenye watoto.

Au tutazame kampuni ya Embracer ya Uswidi. Katika miaka ambayo mikopo ilikuwa rahisi ilinunua studio moja baada ya nyingine, kama mtu aliyeingia sokoni na fedha za mwenzake. Mwaka 2023 mapatano yake ya dola bilioni 2 yakavunjika, na hapo ndipo daftari lilipofunguliwa. Studio ya Volition, iliyokuwako toka mwaka 1993, ikafungwa mwezi wa Agosti, na watu zaidi ya elfu moja wakapoteza kazi katika kampuni nzima. Mafundi wa Volition hawakukaa katika mkutano wowote ulioamua kununua studio hizo zote.

Wazee walisema, mchuma janga hula na wa kwao. Katika biashara hii mambo yamepita methali: aliyelichuma janga hakulila, amewaachia wengine walile peke yao.

Wala tusidhani kwamba maradhi haya yameanza jana. Mwaka 1982 kampuni ya Atari ya Marekani ililipa fedha nyingi ili ipate kulitumia jina la sinema ya E.T., kisha ikampa fundi wake muda wa kiasi cha juma 5 tu autengeneze mchezo, ili uwahi sikukuu za Krismasi. Nakala zikatolewa kwa mamilioni, na nyingi zikarudi bila kununuliwa. Mwanzoni mwa mwaka 1983 Atari ikatangaza kwamba itahamisha kiwanda chake kwenda Asia, na wafanyakazi wapatao 1,700 wa California wakapoteza kazi. Mwaka ule ule malori yakazika bidhaa zake katika jalala la mji wa Alamogordo, New Mexico. Zikafukuliwa mwaka 2014. Siku zile kosa lilikuwa haraka, na siku hizi kosa ni ukubwa. Lakini asili yake ni moja: wakuu kuyahesabu mauzo kabla ya kuwako bidhaa, na wafanyakazi kulipia makosa ya hesabu hiyo.

Kampuni ya CD Projekt ya Poland iliutoa mchezo wa Cyberpunk 2077 tarehe 10 Desemba, 2020, baada ya mafundi wake kutakiwa kufanya kazi siku 6 kwa juma. Mchezo ulikuwa bado mbichi. Juma moja baadaye Sony ikauondoa dukani mwake, na wanunuzi wengi wakadai fedha zao. Mwezi wa Januari, 2021, mmoja wa waasisi wa kampuni hiyo alitoka hadharani akasema kwamba uamuzi wa kuutoa ulikuwa wa wakuu, na kwamba mafundi wasilaumiwe. Alisema vema. Lakini mwaka 2023 kampuni hiyo ilipotangaza kupunguza watu, waliopunguzwa walikuwa ni mafundi, kiasi cha watu 100. Ni rahisi kuukubali wajibu kwa mdomo. Ni vigumu kuukubali kwa mfuko.

NJIA NYINGINE IPO

Huenda mtu akasema kwamba hivyo ndivyo biashara ilivyo, na hakuna njia nyingine. Si kweli. Njia ipo, na imekwisha kupitiwa.

Mwaka 2013 kampuni ya Nintendo ya Japani ilikuwa katika shida. Mashine yake iitwayo Wii U haikununuliwa. Wenye hisa walipomwuliza mkuu wake, Satoru Iwata, kwa nini hapunguzi watu, aliwajibu kwamba kufanya hivyo kungependeza hesabu kwa muda mfupi, lakini moyo wa wafanyakazi ungevunjika. Wala hakuamini kwamba mtu anayekaa akiogopa kufukuzwa aweza kutengeneza mchezo wa kuwafurahisha watu wa ulimwengu. Mwezi wa Januari, 2014, mambo yalipozidi kuwa mabaya, alijikata nusu ya mshahara wake kwa miezi 5, na wakurugenzi wenziwe wakakatwa asilimia 20 hadi 30. Hatusemi kwamba kampuni hiyo ni malaika, maana mwaka huo huo ilipunguza watu katika ofisi yake ya Ujerumani. Tena sheria za Japani hazimruhusu mwajiri kufukuza watu kwa wepesi. Lakini mafundi wake walibaki mezani pao. Mwaka 2017 ikatoa mashine ya Switch, ambayo imekwisha kuuzwa zaidi ya milioni 150. Ujuzi uliohifadhiwa wakati wa njaa ndio ulioleta mavuno.

Hapa ndipo tunaposema kwamba kuwafukuza mafundi hakuifai biashara yenyewe. Ufundi wa watu 200 waliofanya kazi pamoja miaka 5 hauandikiki wote katika karatasi. Ukiwatawanya leo ili hesabu za mwezi wa tatu zipendeze, mwaka ujao utawaajiri wengine na kuwafundisha upya kwa fedha nyingi zaidi. Na gharama ambayo mabwana hao wanailalamikia inazidi kupanda kwa sababu hiyo pia.

Mfano wa pili ni wa udogo. Mwezi wa Aprili, 2025, studio ya Sandfall ya mji wa Montpellier, Ufaransa, ilitoa mchezo wa Clair Obscur: Expedition 33. Mafundi wake wenyewe walikuwa kiasi cha 30, wakisaidiwa na watu wa nje kwa kazi maalum, nao wakauuza kwa dola 50. Katika siku 3 za kwanza ziliuzwa nakala milioni moja, na kufika mwezi wa Oktoba zikawa milioni 5. Mwezi wa Desemba ukatunukiwa kuwa mchezo bora wa mwaka huko Los Angeles, ukiwashinda wenye mitaji mikubwa. Nakala milioni 5, ambazo kwa mchezo wa dola milioni 300 zingekuwa msiba, kwa hao zilikuwa sherehe.

Lakini tusimdanganye msomaji kwamba udogo peke yake ni dawa. Katika mwaka 2024 michezo zaidi ya 18,000 ilitolewa katika duka moja tu la intaneti, liitwalo Steam, na iliyo mingi haikuwalisha waliotengeneza. Fundisho si kwamba kila studio iwe ndogo. Fundisho ni kwamba mtaji upimwe kwa kadiri ya kile ambacho nyumba yaweza kukipoteza bila kubomoka. Afadhali michezo minne ya kadiri, miwili ikianguka na miwili ikisimama, kuliko mmoja mkubwa unaobeba riziki ya watu 300 juu ya siku moja ya mauzo.

WAFANYAKAZI WENYEWE

Wafanyakazi wa kazi hii nao wamekwisha kufumbua macho. Kwa miaka mingi waliambiwa kwamba wana bahati kufanya kazi waipendayo, na mtu aliyeambiwa kwamba ana bahati huona haya kudai haki. Sasa mambo yanabadilika. Mwezi wa Mei, 2022, wapimaji wa studio ya Raven huko Wisconsin walipiga kura 19 kwa 3 wakaunda chama cha wafanyakazi. Mwezi wa Januari, 2023, wapimaji wapatao 300 wa kampuni ya ZeniMax wakafuata, na mwaka 2025 wakapitisha mkataba wao na Microsoft. Huko Poland, mafundi wa CD Projekt waliunda chama mwaka ule ule wa 2023 walipopunguzwa. Waigizaji wa sauti wa Marekani waligoma toka Julai, 2024, hadi Juni, 2025, kwa ajili ya mashine zinazoweza kuiga sauti na sura zao, wakapata mkataba mpya. Na mwezi wa Machi, 2025, kilianzishwa chama cha United Videogame Workers kwa watu wa Marekani na Kanada, ambacho humpokea hata yule aliyekwisha kuachishwa kazi.

Twawapongeza. Na twaona kwamba madai ya haki katika jambo hili ni manne.

Kwanza, hasara inapokuja, wakuu na wenye hisa waanze wao kupungukiwa kabla hajaguswa mtu wa mshahara mdogo. Pili, wafanyakazi wawe na sauti pale bajeti na tarehe ya kuuza zinapoamuliwa, maana wao ndio wajuao kazi imefika wapi. Tatu, anayeachishwa apewe taarifa mapema na malipo ya kumfikisha kwenye kazi nyingine. Huko Marekani bima ya matibabu ya wafanyakazi wengi imefungwa pamoja na kazi, na aachishwaye asubuhi aweza kuwa hana daktari ifikapo mwisho wa mwezi. Nne, sehemu ya faida iandikwe katika mkataba. Kama mfanyakazi anaishiriki hasara, kwa nini asiishiriki faida?

Haja ya madai hayo haipungui bali yazidi. Mwezi wa Septemba, 2025, yalitangazwa mapatano ya kuinunua kampuni ya Electronic Arts kwa dola bilioni 55. Wanunuzi ni mfuko wa Serikali ya Saudi Arabia na wenzake wawili, na katika fedha hizo dola bilioni 20 ni mkopo. Kampuni hiyo ndiyo itengenezayo mchezo wa mpira unaochezwa vibandani kwetu. Mkopo hulipwa na riba, na riba hutafutwa mahali. Itatafutwa kwa kuongeza bei, au kwa kumwuzia mchezaji vitu vidogo vidogo ndani ya mchezo aliokwisha kuulipia, au kwa kupunguza watu. Tusingoje kuambiwa, na tuangalie.

Nasi tunao vijana wanaojifunza kuchora na kuandika programu, na baadhi yao wanatamani kuifanya kazi hii. Twawashauri wasidanganywe na ukubwa wa tarakimu za ng'ambo. Waanze na kazi wanayoweza kuimaliza. Waandikiane mapema ni nani atapata nini kazi ikifaulu, na ni nani atabeba nini ikishindwa. Na wafungue daftari toka siku ya kwanza. Kampuni nyingi kubwa tulizozitaja hazikukosa fedha wala ufundi. Zilikosa kuliuliza swali hilo la mwisho, kwa kuwa walioamua walijua kwamba jibu halitawagusa wao.

Mchezo mbaya ni hasara, na mchezo mzuri usiouzwa ni hasara pia. Hayo ni mambo ya biashara, na hakuna awezaye kuyafuta. Kinachoweza kufutwa ni desturi ya kuipeleka kila hasara kwenye mlango wa mtu ambaye hakuulizwa. Aliyeweka dau ndiye alipe kwanza. Hilo likikubaliwa, twaamini kwamba madau yenyewe yatapungua upesi, na daftari litasomwa kwa makini kuliko linavyosomwa leo.